Nyumba Isiyoimbiwa

Desemba ya Durban ni ya lichi na maembe. Lichi zinauzwa kila kona, zimefungwa vishada, na robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu wauzaji wanakuletea mpaka dirishani mwa gari. Machungwa huisha pamoja na baridi. Yanayobaki ni yale yaliyolala kwenye majokofu ya maduka makubwa, ganda limesinyaa, bei haishikiki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayehangaika kutafuta machungwa Durban wiki ya Noeli. Mama Rodica alikuwa na akili zake timamu kabisa, na alikuwa akiyatafuta tangu asubuhi.

"Mama, lichi iko hapa, tamu, bei ya chini," Huguette alimwambia. Alikuwa na mfuko mmoja mkononi na mwingine begani. "Ama nanasi. Juu ya nini unajitesa?"

"Lichi si Noeli, binti yangu."

"Noeli ni ya Yesu, Mama. Haiko ya matunda."

"Hiyo ni kwenu," Mama Rodica akajibu, akasonga mbele na mkongojo wake. "Kwetu Yesu anazaliwa na machungwa."

Wawili hao walizungumza Kifaransa kilichochanganywa na maneno ya kila mahali. Mama Rodica, Mromania wa miaka sabini na sita, alikisomea shuleni kwao akiwa msichana. Huguette alikisomea Bukavu, kisha maisha yakamleta Durban, ambako alisuka nywele kwenye saluni moja katikati ya mji na kuishi na mumewe na binti yao uani kwa Mama Rodica. Kila mmoja alikuwa na lafudhi ya kwao, na watu wa sokoni waligeuka kuwatazama, mzungu mzee na mwanamke wa Kikongo wakibishana juu ya matunda kama mama na bintiye.

Huguette alikuwa amejifunza mengi mwezi ule. Alijifunza kwamba kwa Waromania Noeli si siku, ni kazi. Tangu katikati ya Novemba Mama Rodica alikuwa kwenye mfungo, hagusi nyama, yai wala maziwa. Huguette hakujua. Akampelekea sahani ya kuku wa mchuzi, kuku mzuri, na mama akainusa, akashukuru, akampa Carmel, bintiye Huguette. Huguette alinuna wiki nzima. Alidhani chakula chake kimedharauliwa, kwamba sufuria ya mkimbizi haifai kwa mzungu. Mpaka Mama Rodica alipokuja mwenyewe mlangoni na kumweleza kuhusu mfungo, akaongeza kwamba harufu ya kuku yule ilimfuata mpaka kitandani na alikaribia kutenda dhambi.

Halafu kuna kabichi. Kabichi nzima nzima zililoweshwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na kwa kuwa joto la Durban halina adabu, ndoo iliwekwa bafuni, mahali penye ubaridi kidogo. Carmel alikuwa akioga huku ameziba pua. Majani ya kabichi hizo yangefungiwa nyama ya nguruwe ya kusaga. Sydenham wanakoishi bucha karibu zote ni za halali, kwa hiyo nguruwe alifuatwa kwa taxi mbili, akarudi amefichwa chini kabisa ya mfuko, chini ya viazi, ili jirani wa mbele, Bi Khan, asikwazike. Bi Khan alijua kila mwaka, na kila mwaka alijifanya hajui.

Pensheni ya Mama Rodica ilikuwa ndogo. Miezi kumi na moja aliishi kwa supu na mkate, na kipande cha sabuni alikikata mara mbili. Ikifika Desemba mkono wake ulifunguka. Alinunua kokwa za wolnati, kakao, mbegu nyeusi za kuokea, siagi ya kweli, akasema siku ya Noeli ataona aibu mtu akiona kitambaa cha meza mahali ambapo pangekaa sahani. Huguette, ambaye alikuwa hodari wa kubana matumizi, alihesabu rand kimoyomoyo kila mama alipofungua pochi.

Machungwa waliyapata kwenye duka la ghorofani, ndani ya wavu mwekundu.

"Forty rand!" Huguette akasema kwa sauti. "Kwa haya? Haya yamekufa zamani."

Mama Rodica aliusogeza wavu puani, akafumba macho. Akalipa.

Walipumzika kwenye benchi nje ya duka kabla ya kutafuta taxi. Mama alilaza wavu mapajani. Akasema kwamba kwao, katika ile miaka mibaya ya ukomunisti, machungwa yalikuja mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya Noeli. Watu walipanga foleni kwenye theluji kungali giza. Mumewe, Mircea, alisimama mpaka kope zikashika barafu, Rodica akaenda kumpokea zamu na chupa ya chai, wakapewa kilo moja. Mtoto wao alihifadhi maganda kwenye droo ya dawati mpaka Pasaka.

"Na wewe ulikula ngapi?" Huguette akauliza.

"Mimi? Nilinusa mikono yangu."

Huguette alicheka, halafu akaona kwamba mama hacheki. "Sasa haya ya leo ni ya nani, Mama? Mtoto wako eko Canada."

"Ya waimbaji."

Ndipo akamweleza. Kwao, jioni ya tarehe ishirini na nne, waimbaji hupita nyumba kwa nyumba. Hawaingii moja kwa moja. Husimama getini na kuuliza kwanza: mnapokea? Mwenye nyumba hujibu: tunapokea. Basi wanaimba, na wakimaliza mwenye nyumba hutoka na kuwapa mkate mtamu wa kusokota, wolnati, tufaha, chungwa. Mwenye nyumba haruhusiwi kuwafungia, na mwimbaji haruhusiwi kukataa anachopewa, hata kama ameshiba, hata kama ni tajiri. Ni haki yake. Na nyumba ambayo haikuimbiwa inaingia mwaka mpya kama mtu aliyeamka asubuhi na kukosa wa kumsalimia.

"Hapa Durban wanakuja?"

"Miaka yote hiyo hajaja mtu. Alikuja Mircea." Mama Rodica alitabasamu. "Alitokea mlango wa jikoni akidhani sijamwona, akazunguka, akasimama nje ya geti na kofia ya sufu. Kofia ya sufu, Desemba, Durban! Mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu. Mimi nauliza, nani huko? Yeye anasema, mwimbaji, mama, mnapokea? Kila mwaka. Nami kila mwaka nilimfungulia kama simjui."

Mircea alikuwa amefariki Machi. Huguette akamshika mkono.

"Mwaka huu hayupo wa kuimba," mama akasema. "Lakini geti nitaliacha wazi jioni ile, na sahani itakuwa tayari. Hilo bado naliweza."

Huguette aliachia mkono ule taratibu. Alikuwa akimfikiria mume wake.

*

Ufunguo wa geti ulining'inia shingoni mwa Alain, mume wa Huguette, kwenye kamba ya kiatu. Alilala nao. Kila siku, jua kabla halijaanza kushuka, alipitisha mnyororo kwenye geti, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Kazi zake zote zilikuwa za mchana na za ndani. Alitengeneza simu kwenye meza ndogo kando ya dirisha, wateja wakileta kwa mkono wa Huguette.

Kabla ya Aprili ya mwaka ule, 2015, Alain alikuwa na kibanda chake cha simu mjini, na Jumapili alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya kanisa lao la Wakongo. Watu walisema Alain akipanda juu, hata watoto wachanga wananyamaza. Kisha ikaja ile wiki ya kuwawinda wageni. Alijificha chini ya meza ya saluni ya jirani, mlango wa chuma umeshushwa, na kundi likapita mtaani kuvunja vibanda. Walikuwa wakiimba. Hilo ndilo hakuweza kumweleza mtu yeyote isipokuwa mkewe: waliimba vizuri. Besi ilikuwa imeshika, wanawake wamejibu juu, miguu inapiga kwa pamoja. Sikio lake la mwanakwaya lilifurahi kabla moyo haujaelewa, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Hata kanisani alisimama mdomo umefungwa.

Kutoka hapo walikwenda kwenye kambi ya mahema ya Chatsworth, na huko ndiko Mama Rodica alikowakuta. Alikuja na wanawake wa kanisa la Wagiriki kugawa mikate, mjane wa mwezi mmoja, bado na nguo nyeusi. Akamsikia Huguette akimkaripia Carmel kwa Kifaransa. Akauliza wanatoka wapi. Akatazama hema, akatazama matope, akasema: "Nyuma ya nyumba yangu kuna vyumba viwili vimejaa vitabu vya marehemu. Vitabu vinaweza kusogea."

Hakuwadai kodi. Alisema wakijiweza wataongea. Huguette alitaka kumshukuru na hakujua kwa nini kila njia inagonga ukuta. Alitaka kumsuka, lakini nywele za mama zilikuwa fupi na za kuteleza, hazishiki hata kidogo. Alipika, sahani ikarudi na kitu juu yake. Alifua mapazia, akakuta mama amemshonea Carmel sketi. Ilikuwa shukrani iliyomjaa kifuani isiyo na pa kushukia, na kwa mtu mwenye heshima zake hali hiyo inachosha kuliko deni.

Jioni ile ya machungwa alimweleza Alain kuhusu geti.

"Haiwezekani," Alain akasema bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Ni yake, Papa Carmel. Geti ni lake, nyumba ni yake."

"Na mtoto ni wangu. Nitamweleza mwenyewe, atafahamu."

Alimweleza kweli, kwa adabu zote, amesimama jikoni na mikono nyuma. Mama Rodica alikuwa akichekecha unga. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi tutafunga, Alain," akasema. "Usalama wenu kwanza." Akaendelea kuchekecha. Alain akashukuru na kutoka, akajisikia mdogo kama kidole.

Asubuhi yake Huguette aliingia jikoni akamkuta mama, mikono imejaa unga mpaka viwiko, akisokota mikate mitamu. Mitatu ilikuwa imeshaiva. Nyumba nzima ilinukia kakao na maganda ya chungwa yaliyokunwa.

"Mama, na geti likifungwa, mikate yote hii ya nani?"

"Ya waimbaji," akajibu, kana kwamba hakuelewa swali.

Huguette alikwenda kazini akilia ndani ya taxi. Mchana huo huo alimfuata Juvénal, kiongozi wa kwaya, kwenye meza yake ya kuuza mikanda na chaja.

Juvénal alipenda wazo lile kupita kiasi. "Tutakuja sisi wote! Na ngoma! Tutapita na wimbo wa Kizulu barabarani, ule wa kupiga miguu, ili majirani wasiseme hawa makwerekwere, hawa wageni, wanapiga kelele gani. Tukifika getini, tunabadilisha, tunaimba yetu ya nyumbani." Kisha akakunja uso. "Na Alain? Anajua?"

"Akijua atakataa. Acha iwe surprise. Akiona sura zenu, atafurahi."

Mtu akishukuru sana huwa haoni vizuri. Huguette alimwona mama peke yake, meza yake, mikate yake. Mume wake hakumwona.

*

Jioni ya tarehe ishirini na nne ilikuwa ya joto zito, mawingu chini. Nyama ilikuwa jikoni ndani ya majani ya kabichi, ikichemka polepole. Mfungo ungevunjwa kesho. Mama Rodica alikuwa amevaa blauzi nyeupe yenye nakshi nyekundu mabegani, ya kwao, na kwenye meza ndogo karibu na mlango alikuwa ameweka sinia: mkate umekatwa vipande, wolnati, na machungwa yote yamepanguswa yakang'aa. Carmel alikuwa amekaa karibu na sinia akijidai kulilinda.

Huguette alisema anakimbia kununua airtime. Alain akamfungulia, akafunga nyuma yake. "Usikawie," akasema.

Wanakwaya walianzia chini kwenye robot. Sauti ilifika kwanza kama mngurumo, halafu miguu, halafu ngoma. Kizulu. Alain alikuwa sebuleni akitengeneza redio ya mama, akasimama bisibisi ikiwa mkononi. Aligeuka rangi.

"Banakuya," akasema.

"Nani?" Mama Rodica akauliza.

Alain alizima taa ya sebule, ya jikoni, ya barazani. Alizima simu yake ili isitoe mwanga. Alimnyanyua Carmel kwa mkono mmoja, akamshika mama kiunoni kwa mwingine, akawaingiza bafuni, penye ndoo ya kabichi, na kufunga mlango. Gizani wimbo ulikua. Walikuwa wengi. Besi ilikuwa imeshika.

"Alain," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo kwa Alain ilikuwa wazimu, "Alain, sikiliza, hawa ni waim—"

Alimziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu, na alihisi meno ya bandia ya kikongwe yule yakisogea chini ya vidole vyake.

Nje, kwaya ilifika kwenye geti lenye mnyororo na nyumba iliyozimwa. Wimbo ulififia mtu mmoja mmoja. Huguette alishika nondo akaita, "Alain! Ni miye! Fungua!" lakini wapiga ngoma walikuwa bado hawajaelewa, na mbwa walikuwa wameanza. Akampigia simu, haipatikani. Ng'ambo ya barabara pazia la Bi Khan lilitikisika. Muda si mrefu gari la walinzi wa mtaa likaja na taa zake za kuzunguka.

"Who called you people here?" mlinzi akauliza.

"Sir, it is Christmas," Juvénal akasema. Alikuwa amevaa suti yake ya pekee. "We are a choir."

"Not here you're not. Move."

Huguette alijaribu kusema kwamba anaishi pale. Mlinzi alimulika uso wake kwa tochi, akamulika nyumba yenye giza, akauliza kama anaishi pale mbona haingii. Huguette akamwonyesha mnyororo. Wanakwaya waliinamisha vichwa. Walikuwa watu waliozoea kuambiwa move, wakageuka bila ubishi, akina mama wameshika viatu vya kuchuchumia mkononi, wakashuka kuelekea kwenye robot kungojea taxi. Gari la walinzi liliwafuata nyuma taratibu, kama mchungaji na ng'ombe, mpaka kona.

Alain alifungua geti kimya kilipotanda. Alimkuta mkewe amekaa kwenye ukingo wa barabara.

"Walikuwa watu wetu," Huguette akasema. "Ilikuwa kwaya yako, Alain. Nimewaleta miye. Juvénal amefukuzwa na tochi kama mwizi."

"Ungeniambia!"

"Ungekubali?"

"Ungeniambia!" akarudia. "Unajua mimi niko namna gani! Unaniletea batu wanaimba Kizulu barabarani, jua linazama, na unataka nifurahi?"

Huguette alifungua mdomo kumjibu, akaona jinsi alivyokuwa bado akiitazama barabara juu na chini. Alain alikuwa na haki. Ilimuuma zaidi kwa sababu alikuwa na haki. "Pardon," akasema. "Papa Carmel, pardon."

*

Mama Rodica alikuwa amewasha taa ndogo na kukaa karibu na sinia. Mdomo wake ulikuwa mwekundu upande mmoja. Alain alipouona alipiga magoti sakafuni, mtu mzima, mbele ya bintiye.

"Maman, huu mkono umekula mkate wako. Na ndio nimekuziba nao."

"Inuka," mama akasema. "Uliniziba kwa sababu ulitaka niishi. Sijazibwa hivyo tangu wakati wa vita, na mama yangu ndiye aliyeniziba." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. Alichukua chungwa moja, akalirudisha. "Si kosa la mtu. Ila tu, ni mara ya kwanza. Miaka ile mibaya hatukuwa na nyama, hatukuwa na moto, lakini walipouliza, mnapokea, hatukuwahi kuwafungia. Nitaoneana vipi na Mircea?"

Halafu akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama anayetafuta kitambaa mfukoni na hakioni. Carmel akampa pindo la sketi yake, ile aliyoshonewa.

Alain alitazama sinia, akatazama mlango. Tangu Aprili alikuwa amepokea kila kitu: blanketi, dawa ya meno, hema, mkate, vyumba viwili, huruma za watu wa kila rangi. Alipokea akitazama chini. Ile jioni hakuna aliyekuwa akimpa kitu. Palikuwa na mtu anayehitaji, na alichohitaji Alain alikuwa nacho.

Alivua kamba shingoni. Akaweka ufunguo mkononi mwa Mama Rodica, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Njoo ufunge nyuma yangu," akasema. "Usifungue mpaka nimemaliza."

Huguette aliinuka. "Alain, hapana. Si lazima."

"Mwimbaji anasimama nje. Si ndivyo, Maman?"

"Ndivyo," mama akasema kwa sauti ndogo.

Alitoka. Alisikia mnyororo ukipita kwenye nondo, kufuli likibana, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili alikuwa peke yake upande ule wa geti, jua limeshazama, barabara tupu mbele na nyuma. Aliona haya, aliona hofu, na kati ya vyote viwili alisikia kiu ya kuimba. Akamwona mama ndani, blauzi nyeupe, mikono miwili imeshika sinia.

"Nani huko?" Mama Rodica akauliza.

"Mwimbaji, Mama," Alain akasema. "Mnapokea?"

Mama aliinua sinia kifuani. "Tunapokea."

Noti ya kwanza haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Ya pili ilikwaruza. Ulikuwa wimbo mdogo wa Noeli aliofundishwa na bibi yake Bukavu, wa mgeni anayefika usiku wa mvua na kukuta moto umewashwa, na kufikia mgeni alipobisha hodi sauti ikawa imerudi nyumbani. Ilipanda. Pazia la Bi Khan lilifunguka, safari hii lote. Huguette alimkumbatia Carmel kwa nyuma na kuuma mdomo, kwa sababu alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mume wake anaimba hivi.

Kule kwenye robot taxi ilikuwa haijaja. Juvénal aliinua kidole akawanyamazisha wenzake. "Sikieni," akasema. "Ni nani huyo?" Lakini alijua, walijua wote. Hakuna aliyetoa amri. Akina mama walivaa viatu.

Alain aliisikia miguu nyuma yake. Miguu mingi, barabarani, ikipanda kilima, na sauti za watu zikija pamoja nayo. Mwili wake wote ulitaka kukimbia na geti lilikuwa limefungwa, ufunguo hana. Alishika nondo. Hakugeuka. Aliendelea kuimba na macho yake kwenye sinia, na ubeti wa tatu ulipoanza, besi ya Juvénal iliingia chini ya sauti yake na kuibeba, halafu akina mama wakajibu juu, kwa Kiswahili cha nyumbani, wote, mpaka walipomzunguka na bega la mtu likagusa bega lake.

Walipomaliza, Mama Rodica alishindwa kupata tundu la kufuli kwa machozi, Carmel akamsaidia. Geti likafunguliwa mpaka mwisho wake.

Wa kwanza kupewa alikuwa Alain. Alitaka kusema hapana, Mama, sisi ndio tunaopaswa kukupa, umetupa vyote. Alikumbuka kanuni. Akanyoosha mikono miwili na kupokea chungwa, na safari hii hakutazama chini. Alilimenya palepale barabarani. Lilikuwa gumu, na kavu upande mmoja, na alilila lote.

Machungwa hayakutosha, kwa hiyo yaligawanywa vipande. Bi Khan alivuka barabara na sahani ya sambusa, uso umemwiva. "Eish, Aunty, sorry, ni mimi niliwaita walinzi. I got such a fright." Mama Rodica akampa kipande cha chungwa, maana kilichokuwa jikoni wote wawili walijua hawezi kuonjeshwa. Juvénal alikuwa akila mkate mtamu kwa macho yaliyofumbwa na kuuliza kama ule wimbo wa waimbaji wa Romania unafundishika. Mama akasema unafundishika, ila asijifunze kwa sauti ya Mircea. Akacheka, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na Huguette aliyesikia alishika ukuta. Kile kilichomjaa kifuani miezi yote kilikuwa kimepata pa kushukia, na hakuwa yeye aliyekishusha, na hakujali.

"Mwakani," Mama Rodica alimwambia Alain, akimfuta makombo begani, "utavaa kofia yake."

"Ya sufu?"

"Ya sufu."

Watu walikuwa bado wanaingia na kutoka. Carmel aliuokota ufunguo na kamba yake kutoka kwenye majani, akampelekea baba.

"Papa, tufunge sasa?"

Alain aliutazama mkononi mwa mtoto. Kisha akatazama barabara, chini kabisa mpaka kwenye robot, kama bado kuna mtu anayepanda.

"Acha kwanza," akasema.